Matusi kwa baa: uzi wa historia kutoka Pumwani hadi Umoja

Uzi wa leo ni wa baa. Msimu wa siasa ukikaribia hakukosi mtu wa kusimama kwa baraza mahali Makadara au Kayole na kuahidi kurudisha nidhamu: kelele zipungue, vijana waache kulewa mchana, matusi yaishe. Makofi yanapigwa. Sitataja mtu wala chama. Nauliza tu: je, kutukana ndani ya baa kupigwe marufuku? Kabla hujajibu, turudi nyuma miaka mia, kwa sababu hii si mara ya kwanza mtu wa juu kutupangia tutakavyokunywa na tutakavyoongea.

Wengi hawajui kwamba kilabu cha pombe cha Mwafrika hapa Nairobi kilianza kama mali ya manispaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Pumwani ilipopangwa kuwa mtaa rasmi wa Waafrika, manispaa ilijipa haki ya kupika na kuuza tembo peke yake. Wazo lilitoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya 1908 iliruhusu miji kuhodhi biashara ya pombe na kutumia faida kugharamia mambo ya Waafrika. Yaani mlevi ndiye aliyelipia huduma zake mwenyewe, glasi baada ya glasi. Mzungu hakutoa hata ndururu, na bado alikuwa na ubavu wa kukuhubiria adabu.

Wakati huohuo, 1922, kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa. Tusker, ile bia iliyopewa jina kwa sababu ya ndovu aliyemuua mmoja wa waanzilishi, ilitengenezwa hapahapa Nairobi, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Halafu kulikuwa na wanawake. Huko Pumwani na Pangani wanawake wengi walijikimu kwa kupika pombe nyumbani, na wapo waliojenga nyumba zao kwa pesa hizo. Manispaa ilipochukua biashara, wao wakawa wahalifu. Pangani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Mama pima unayemjua leo amerithi kazi na shida zilezile. Tuliwahi hata kuwa na sheria nzima ya kuharamisha chang'aa, ya 1980, iliyoondolewa miaka 30 baadaye. Kwa hivyo ukisikia "nidhamu kwa baa", uliza kwanza ni nani atatolewa kwa biashara.

Sasa tuje kwa matusi yenyewe. Kanuni ya Adhabu tunayotumia chimbuko lake ni 1930. Kifungu cha 94 kinasema ukitumia maneno ya vitisho au matusi mahali pa umma ukikusudia kuchokoza fujo, unaweza kufungwa miezi sita. Sawa, hapo naelewa. Lakini fungua kifungu cha 95 usome pale mwanzo. Kinataja lugha chafu au ya matusi kwa nani? Kwa mwajiri wako, au mtu aliyewekwa na mwajiri juu yako. Soma tena polepole. Sheria ilimwona bosi anayetukanwa na kibarua ikaandika kosa. Kibarua anayetukanwa na bosi haikumwona. Hiyo ni lugha ya bwana na boi, na bado iko vitabuni.

Matusi kwa serikali nayo yalikuwa na kesi zake. Mzee yeyote aliyekunywa Jericho au Kaloleni miaka ya themanini, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, atakuambia kulikuwa na mambo huyataji kwa sauti, kwa sababu hujui huyo anayekunywa polepole pale kona ametumwa na nani. Ungeweza kumtusi mama ya mtu usiku kucha na hakuna angekuandama. Taja mkubwa, shauri yako. Kosa la "kushusha hadhi ya afisa wa umma", kifungu cha 132, lilidumu hadi 2017, Mahakama Kuu ilipolitupa kwa kwenda kinyume na Katiba.

Kisha ikaja gengetone. 2018 vijana wa Ethic kutoka Umoja wanatoa Lamba Lolo, mwaka unaofuata Sailors wanatoka na Wamlambez, na nchi nzima inaimba vitu ambavyo usingethubutu kutafsiria nyanya yako. Julai 2019 bodi ya filamu ikatangaza kwamba Wamlambez, pamoja na Tetema ya Tanzania, zisichezwe nje ya vilabu na baa. Umeona hapo? Serikali yenyewe iliambia lugha chafu ikae baa. Wanasiasa wa leo wanataka kuitoa huko pia. Itaenda wapi, kwa mat? Tayari iko huko.

Na nani atakuwa mwamuzi wa tusi? Sheng haitulii. Neno linalokuwa tusi Dandora linaweza kuwa salamu Buruburu, na mwaka ujao limeisha kabisa. Aprili 2022 tume ya utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi. "Madoadoa" ilikuwamo, na yeyote anayekumbuka 1992 na 2007 anajua neno hilo lilitangulia damu. Lakini "sipangwingwi" nayo ilikuwamo, neno la wimbo wa vijana wa mtaa ambalo maana yake ni sipangiwi. Sasa mpe kanjo orodha kama hiyo Ijumaa usiku, aingie baa ya Kariobangi. Huyo kanjo hatatafuta lugha. Atatafuta mia tano.

Uingereza wamejaribu bila serikali. 2017 kampuni ya bia ya Samuel Smith, ya Yorkshire, ilipiga marufuku kutukana kwenye baa zake zote. Ni mali yake, ni kanuni ya nyumba, usipoipenda kuna baa nyingine ng'ambo ya barabara. Huku kwetu sheria ya vileo ya 2010 tayari inamruhusu mwenye leseni kumtoa nje mlevi mgomvi. Kuna baa niliyozoea pande za Uhuru, sitaitaja, iliyokuwa na kikopo kaunta: ukitukana, bob ishirini. Wazee waliheshimu kikopo kuliko polisi.

Lakini nikiri jambo. Kikopo kile kilihesabu matusi ya wanaume kwa wanaume. Dada aliyekuwa anatuhudumia aliambiwa vitu vibaya kuliko vyote, kila usiku, na watu wanaojiita wazee wa heshima, na hakuna aliyetoa hata shilingi. Mimi pia nilikuwa nimekaa pale. Nilicheka.

Ndiyo maana naona mjadala wetu unakosa shabaha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inataja lugha ya kingono kama unyanyasaji kazini, ikitoka kwa mwajiri, mwakilishi wake, au mfanyakazi mwenzako. Mteja hatajwi. Tena ni mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi tu anayelazimika kuwa na sera. Hesabu wafanyakazi wa baa ya kwenu: bamedi wawili, mtu wa kaunta, bausa, labda na mchoma nyama. Kwa hivyo bosi ana kifungu chake cha matusi, na dada anayebeba trei hana.

Kwa hivyo mimi sitaki marufuku ya matusi. Walevi wawili wakitukanana juu ya Gor na Ingwe, waacheni. Akija mgombea mtaani kwenu na ahadi ya nidhamu, muulize kama kwa mswada wake kuna mstari hata mmoja wa kumlazimisha mwenye leseni amtoe nje mteja anayemtusi mhudumu, bila kumkata huyo dada ile bili ambayo mteja ameondoka bila kulipa.