Boma la Mama Sarah Obama, Kogelo

Katika boma hili la Nyang'oma Kogelo, Kaunti ya Siaya, amezikwa Sarah Onyango Obama, aliyeishi miaka 99, mke wa Hussein Onyango Obama. Wageni wengi huletwa hapa na jina la Barack Obama, mjukuu wa Hussein na Rais wa 44 wa Marekani. Hiyo ni sababu halali, ila ndogo. Kabla jina hilo halijavuma, watoto wa shule za hapa walikuwa tayari wakipata uji na mandazi kutoka kwa mama huyu, ambaye mwenyewe hakupata kusoma. Yatima aliwalea nyumbani kwake; baadaye wakfu wenye jina lake ukawasaidia kwa karo, sare na vifaa vya masomo.

Yuko atakayesema hakuwa nyanya wa damu wa rais. Ni kweli, hakumzaa baba yake. Lakini Akumu, mke mwenza aliyemzaa, alipoondoka, Sarah ndiye aliyebaki na watoto na kuwalea kama wake. Kaburi la mwana huyo, Barack Obama mkubwa, nalo limo humu bomani. Mwingine atauliza kama bango hili lingekuwapo bila rais. Pengine lisingekuwapo, na hilo linatuhusu sisi tunaochagua wa kukumbukwa. Halipunguzi hata kikombe kimoja cha uji alioupika. Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akazikwa kesho yake kwa taratibu za Kiislamu.