Njaanuari

Usilitafute kwenye kamusi. Muulize mama mboga yeyote wa Kibera au Kawangware wiki ya pili ya mwaka, atakueleza akifunga sukuma. "Njaa" imeunganishwa na "Januari" na kiungo hakionekani: n mbele, a ya kwanza ivutwe kidogo, basi. Utani huu ni wa sikio. Utamke ndani ya matatu ya 46 na hata makanga, ambaye abiria wake wamepungua, atacheka.

Chanzo chake hakina fumbo. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, nauli ya ushago hupanda, chapo hupikwa sinia nzima. Mara shule zinafunguliwa, na keyateka anabisha mlango akiuliza kodi. Hapo duka la mtaani hugeuka famasia, kila kitu kwa dozi: mafuta ya kupima, majani ya chai ya kumi, sukari ya mbao. Mwezi kama huo, mwaka 2019, Safaricom ilizindua Fuliza, mkopo wa simu kwa aliyeishiwa salio, na leo "nimefuliza" ni kitenzi kamili mtaani. Kama tarehe ile haikuchaguliwa makusudi, basi ni bahati ya ajabu.

Wako wanaoandika "Njaanuary", y ikining'inia mwishoni kama vile njaa yenyewe ni ya Kiingereza. Mimi natetea i. Na upatanisho ubaki wa N-: Njaanuari ndefu, Njaanuari haiishi, Njaanuari hii imefika tarehe 52.