Lini mtoto hukaa, lini hutambaa, lini hutembea

Katika nyua za Nyamirambo na Biryogo, jijini Kigali, ambako Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, mtoto mchanga huwa na walezi wengi: mama, bibi, shangazi na majirani. Kila mmoja wao anamkumbuka mtoto aliyetembea mapema au aliyechelewa, na mara nyingi kumbukumbu hizo ndizo zinazotumika kumpima mtoto mpya. Wataalamu wa afya ya watoto wana kipimo kingine. Kwao, kila hatua ya ukuaji ina kipindi chake, chenye mwanzo na mwisho, wala haifungwi na tarehe moja.

Vipindi vya hatua 6

Mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto 816 wenye afya njema nchini Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Utafiti huo ulichunguza hatua 6 zinazotegemea misuli mikubwa ya mgongo, nyonga na miguu. Karibu watoto wote walizifikia katika vipindi vifuatavyo:

- Kukaa bila kuegemea: miezi 3.8 hadi 9.2
- Kusimama kwa kushikilia kitu: miezi 4.8 hadi 11.4
- Kutambaa kwa mikono na magoti: miezi 5.2 hadi 13.5
- Kutembea kwa kushikilia: miezi 5.9 hadi 13.7
- Kusimama peke yake: miezi 6.9 hadi 16.9
- Kutembea peke yake: miezi 8.2 hadi 17.6

Hivyo, mtoto mmoja anaweza kwenda tata akiwa na miezi 9 na mwenziwe akiwa na miezi 17, na wote wawili wakawa wazima. Kutambaa nako si lazima: takriban asilimia 4 ya watoto wa utafiti huo hawakutambaa kwa mikono na magoti, lakini walitembea. Wapo watoto wanaosota kwa makalio, na wapo wanaotoka kwenye kukaa wakaingia moja kwa moja kwenye kusimama dede.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri wake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyewahi kwa miezi 2, akiwa na miezi 10, hupimwa kama mtoto wa miezi 8. Hesabu hiyo hutumika hadi atimize miaka 2.

Mgongoni na mkekani

Kumbeba mtoto mgongoni humtuliza na kumweka karibu na mama. Hata hivyo, misuli hupata nguvu kwa kutumika. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unashauri kuwa mtoto aliye chini ya mwaka 1 asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni mwa mlezi, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, huku akiangaliwa, kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Wakati wa kulala usingizi hulazwa chali.

Mkeka safi sakafuni unatosha kwa zoezi hilo. Vigari vya kufundishia kutembea havimharakishi mtoto, na katika nyumba zenye ngazi na miteremko, kama zilivyo nyingi katika vilima vya Kigali, vinaweza kumwangusha vibaya. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Lishe nayo ina nafasi yake. Utafiti wa Demografia na Afya wa Rwanda wa 2019-2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa na udumavu, hali inayoweza kuchelewesha pia mwendo wa mtoto.

Dalili zisizopaswa kungojewa

Kauli ya kwamba kila mtoto ana wakati wake ni ya kweli ndani ya vipindi vilivyotajwa. Nje ya hapo, kungoja kunaweza kumgharimu mtoto. Apelekwe kwa mhudumu wa afya iwapo:

- ana miezi 4 na shingo haijakaza;
- amepita miezi 9 na hajaweza kukaa peke yake;
- amefikisha miezi 18 na hatembei;
- viungo vyake vimekakamaa au vimelegea kupita kiasi;
- anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka 1;
- ameacha kufanya jambo alilokwisha kuliweza. Dalili hii ni ya haraka katika umri wowote.

Miongoni mwa sababu ni kupooza kwa ubongo, ambako kunaweza kutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga au homa ya uti wa mgongo. Nyingine ni matege yanayoletwa na upungufu wa vitamini D. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotokana na kijicho cha jirani, na mama hana sababu ya kumficha mtoto ndani kwa kuona haya.

Mahali pa kuanzia

Nchini Rwanda, watoto hupelekwa kuchanjwa wakiwa na miezi 9 na tena miezi 15. Ziara hizo ni nafasi nzuri ya kumuuliza muuguzi kuhusu kukaa na kusimama kwa mtoto. Kabla ya hapo, mshauri wa afya wa mtaa anaweza kuielekeza familia kwenye kituo cha afya, nacho kikaipeleka hospitalini. Kwa wenye ulemavu wa viungo kuna pia kituo cha HVP Gatagara, kilichoanzishwa wilayani Nyanza mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana.

Mazoezi ya viungo huleta faida kubwa zaidi yanapoanza mapema, ubongo ungali unakua. Kwa sababu hiyo, mzazi mwenye shaka anashauriwa kuuliza leo, hata kama jibu litakuwa kwamba mtoto ni mzima.