Kitenzi Kilichokwenda Kinyume

Kitenzi sneak cha Kiingereza, chenye maana ya kwenda kinyemela kwa hila au kwa woga, chaonekana katika maandishi tangu mwisho wa karne ya 16. Wakati uliopita wake ulikuwa sneaked, kwa kufuata kanuni. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Marekani, likazuka umbo snuck, likadharauliwa kuwa ni la watu wasiosoma. Ajabu ni kuwa vitenzi vya Kiingereza aghalabu huelekea kwenye kanuni: help kiliacha holp, kikashika helped. Hiki kilikwenda kinyume, na leo kamusi za Marekani zayakubali maumbo yote mawili. Basi mwalimu asikimbilie kulikata snuck kwa wino mwekundu. Kwanza atazame limeandikiwa wasomaji gani.