Simu Ikichagua Wimbo

Jumamosi moja ugomvi ulizuka kwenye kituo chetu cha vijana hapa Nyarugusu. Haukuwa wa mpira, ulikuwa wa spika. Vijana wa Kikongo walikuwa wameishika tangu asubuhi, wanapiga nyimbo za Kinshasa tu. Vijana wa Kirundi wakasema, jamani, tutasikiliza Kilingala mpaka lini? Mmoja akachomoa waya, mwingine akamsukuma. Mimi ndiye mlezi wa vijana hao, na siku hiyo nilikuwa peke yangu.

Nikachomeka simu yangu, nikafungua programu ya muziki na kubonyeza ile alama ya mishale miwili inayopishana. Ukiibonyeza, nyimbo zote zinachanganywa na simu inachukua yoyote. "Leo simu ndiyo itachagua," nikawaambia. "Simu haina kabila." Wakacheka, wakakaa.

Sasa, kwenye simu yangu kuna nyimbo nyingi za zamani. Nilizikusanya nikiwa sekondari, kila nikisikia mtu mzima anasema "zamani kulikuwa na muziki." Kwa hiyo wimbo wa kwanza kutoka ulikuwa "Kifo" wa Remmy Ongala. Vijana wakapiga kelele, eti tumekuja kwenye matanga? Lakini hakuna aliyesimama kuuzima. Mimi mwenyewe nikiusikia wimbo ule naona foleni ya watu wanaokwenda makaburini, na bado miguu inataka kucheza. Ni Remmy tu aliyeweza kunifanyia hivyo.

Nikawauliza, Remmy alikuwa mtu wa wapi? Wote wakajibu, Mtanzania. Kumbe hapana. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, halafu akawika na Matimila. Aliimba Kiswahili, aliimba shida za maskini, watu wakamwita Dokta. Alifariki Dar es Salaam Desemba 2010. Mpaka leo ukipanda daladala ya Sinza, konda anaita kituo: "Kwa Remmy!" Mtu wa Kindu amekuwa jina la kituo.

Wimbo wa pili ulikuwa "Shauri Yako" wa Orchestra Super Mazembe. Huo hata wadogo wanaujua, wanausikia kwenye harusi. Bendi hiyo ilianzia Kongo, ikapita Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974 na kukaa. Nikawaambia pia habari za Samba Mapangala: kazaliwa Matadi, kapita Kampala, kafika Nairobi, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga, jina la milima ya volkano ya kwao. Na Orchestra Maquis waliotoka Zaire wakafanya makao Dar es Salaam miaka hiyo hiyo ya 70. Ukiweka nyimbo hizo pamoja unaona ramani. Rumba imetembea njia ambazo wazazi wetu walikuja kutembea baadaye, ila yenyewe ilibeba gitaa.

Hapo kijana mmoja, ana miaka kama 16, akaniuliza swali ambalo bado linanikaa kichwani. "Kaka, kwa hiyo Remmy alikuwa mkimbizi kama sisi?"

Ningeweza kusema ndiyo ili nimfurahishe. Lakini sikutaka kumdanganya. Nikamwambia hapana, Remmy alikuja kwa kazi. Alipanga nyumba mjini, akapiga muziki kwenye kumbi, akaoa, akazeeka katika jiji alilolichagua. Sisi tunaishi chini ya sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998, na kutoka nje ya kambi unahitaji kibali. Mpaka ni ule ule, lakini mlango tulioingilia si mmoja. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sisi tungekuwa na akina Remmy wengi, ila hawana ukumbi." Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa ili na wengine walisome, hasa ndugu zetu wa mashirika wanaopanga miradi ya vijana.

Simu ikaendelea. Ukatoka "Sambolera" wa Khadja Nin. Nilimwona dada mmoja wa Kirundi akiinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Khadja Nin ni wa Burundi, alizaliwa mwaka 1959, naye huimba Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Albamu hiyo ya "Sambolera" ilitoka mwaka 1996.

1996. Nilipousema mwaka huo, Wakongo wote waliinua vichwa pia. Ndio mwaka kambi hii ilipofunguliwa. Vita ilianza Kivu ya Kusini, Uvira ikaanguka mwezi wa kumi, watu wakavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Wazazi wangu walikuwamo. Mimi nilizaliwa hapa hapa baadaye. Warundi wengi wa hapa Nyarugusu wao walikuja mwaka 2015. Kumbe wakati wetu tunashushwa kwenye mitumbwi, dada wa Kirundi alikuwa redioni anaimba kwa Kiswahili tunachokielewa wote. Yule aliyechomoa waya ndiye aliyesema, "Rudia huo." Tukaurudia mara tatu. Sisemi kwamba ugomvi uliisha moja kwa moja, wiki iliyofuata waligombania mpira. Lakini spika hawajaigombania tena.

Jioni nikarudi nyumbani, bando lilikuwa bado lina chembe. Nikaiacha simu iendelee kuchagua, nikaenda kuchota maji. Niliporudi nikamkuta Mama amesimama jikoni, mwiko mkononi, ugali unaungua. Simu ilikuwa inapiga gitaa moja tu. Ulikuwa "Masanga" wa Jean-Bosco Mwenda.

Nikanyoosha mkono niipunguze sauti. "Usizime," Mama akasema. "Ile ni wimbo ya baba yangu."

Wimbo huo ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Katanga. Bosco alikuwa na miaka 22 hivi. Nyimbo zake aliimba kwa Kiswahili cha Kongo, kile ambacho shuleni hapa tulisahihishwa kwa wino mwekundu. Wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kwa kumsikiliza. Hayo niliyasoma. Nisichokijua ni kwamba babu yangu alikuwa mmoja wao. Mama akanieleza: babu alifanya kazi bandarini Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, akanunua gitaa kwa mshahara wake, akarudi nalo Fizi. Jioni alikuwa anapiga huo huo wa Bosco, anakosea mahali pale pale kila siku.

"Gitaa yake tuliiacha ku ukuta," Mama akasema.

Miaka yote hii nimehesabiwa tulichoacha: mbuzi, godoro, shamba la mihogo, cherehani. Gitaa sijawahi kulisikia. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba walipoandikishwa waliulizwa idadi ya watu, kijiji, na sababu ya kukimbia. Hakuna aliyeuliza kuhusu gitaa, na yeye akaona si kitu cha kusema mbele ya wafiwa.

Ndiyo maana nimeiita habari hii historia, japokuwa imeanzia kwenye simu. Vitabuni kuna vita na tarehe, na ni muhimu, nimezitumia. Lakini wazee wetu wana mambo ambayo hayatoki kwa kuulizwa. Yanatoka wimbo ukipita bila kutegemewa.

Sasa kituoni tumeanza kazi ndogo. Kila kijana anakwenda nyumbani kuuliza: ulikuwa unasikiliza wimbo gani kabla hatujaja huku, na nani aliupiga? Anauandika kwenye daftari, na Jumamosi tunautafuta. Mpaka leo tuna nyimbo 31. Tisa hazipo kwenye simu yoyote. Hizo tunawaomba wazee waje kuziimba wenyewe, na tunazirekodi.