Maandalizi ya Mtihani wa Kidato cha Sita

Maandalizi ya mtihani wa kidato cha sita ni kazi ya masomo, marudio na majaribio inayomfikisha mwanafunzi wa Tanzania Bara au Zanzibar kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya juu, ambao ndio mlango mkuu wa chuo kikuu. Mtihani huu husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Kwa kawaida hufanyika Mei. Uzito wake uko kwenye masomo matatu ya tahasusi, kama vile PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), ingawa yako pia masomo ya ziada. Kenya iliachana na kidato cha sita ilipoingia mfumo wa 8-4-4, na mtihani wake wa KCSE hupima masomo saba au zaidi. Huku Tanzania masomo ni machache na yana kina, kwa hiyo moja likiyumba, theluthi ya matokeo imeyumba nalo.

Namna alama zinavyohesabiwa ingepaswa kuongoza ratiba ya marudio, na mara nyingi haiongozi. Katika kupanga madaraja, A ni pointi 1 na F ni 7. Anayepata jumla ya 3 hadi 9 yuko daraja la kwanza. Wakati wa kudahiliwa hesabu inageuzwa juu chini: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu A kuwa 5 na E kuwa 1, na sharti la chini la jumla kwa shahada ni ufaulu wa masomo mawili, kile wanafunzi wanachokiita prinsipo mbili, wenye pointi 4. S, iliyo kati ya E na F, haiingii katika hesabu hiyo. Mwenye 39 amepata S, mwenye 40 amepata E, na alama hiyo moja inaweza kuwa na thamani kuliko kumi za kumtoa mtu B kwenda A. Udaktari, kwa mfano, unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Hata hivyo mwanafunzi huelekea somo analolipenda, kwa sababu huko anajiona anafanya vizuri, na lile linalomtisha hulisogeza mbele hadi Aprili.

Kasoro hiyo ina chanzo kimoja na nyingine iliyo kubwa zaidi: mwanafunzi hupima maandalizi yake kwa hisia ya kuelewa, badala ya kuyapima kwa anachoweza kukitoa kichwani daftari likiwa limefungwa. Marudio yaliyozoeleka ni ya kusoma. Mtu hukaa na kitini cha tuisheni, au desa alilorithi kwa waliomtangulia, akapiga msuli hadi usiku wa manane, akapigia mistari, akasoma tena. Kila anaporudia, ukurasa unakuwa mwepesi zaidi, na wepesi huo anauchukua kuwa ndio ujuzi. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu viwili vifupi, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisi maji wa baharini. Kifungu kimoja kilisomwa mara mbili. Kingine kilisomwa mara moja, kisha wanafunzi wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, kilichosomwa mara mbili kilishinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja kilibaki na asilimia 42, na kile kilichojaribiwa kikawa na 56. Ndiyo maana kusoma tena asubuhi ya mtihani kunaonekana kufaa, na kwa saa chache kweli kunafaa. Ila silabasi ya miaka miwili haiwezi kubebwa kwa mbinu ya asubuhi moja.

Mpangilio wa kazi nao una sehemu yake. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Waliofanya maswali ya umbo moja hadi kuyamaliza walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa walipata 60. Wiki moja baadaye wa kwanza waliangukia 20, wa pili wakapata 63. Swali la mtihani halitaji mada yake, na anayefanya maswali thelathini ya mada moja hajifunzi kuchagua kanuni, kwa kuwa kichwa cha sura kimeshamchagulia. Ni kweli kwamba utafiti huo ulichanganya aina za maswali ndani ya somo moja tu. Hauthibitishi kwamba kupishanisha Historia na Jiografia kuna faida ileile. Kupishanisha masomo kunatetewa na hoja nyingine, ile ya nafasi kati ya rudio na rudio: wiki nzima ya Kemia inayofuatwa na wiki tano bila Kemia ni kuiacha isahaulike.

Hapa ndipo mitihani iliyopita inapopata kazi yake halali. Wengi huitumia kubashiri, wakihesabu mada gani haijatoka muda mrefu, na kila msimu huwa na walioponea hapo na walioumia hapo. Faida yake iliyo imara zaidi ni kuifanya kwa saa, kuisahihisha bila huruma na kuona pengo. NECTA yenyewe huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha swali kwa swali jinsi lilivyojibiwa, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Kasoro zinazojirudia humo ni kutoelewa swali linataka nini, maarifa pungufu na Kiingereza dhaifu. Kwa maoni ya mwandishi huyu hakuna kitini cha tuisheni kinachoshindana na taarifa hizo, nazo hutolewa bure.

Pingamizi la kwanza ni kwamba haya yote ni kukariri kwa jina jipya. Karpicke na Janell Blunt walilijibu mwaka 2011: wanafunzi waliojaribu kukumbuka waliwazidi waliochora michoro ya dhana hata kwenye maswali ya kufikiri zaidi ya kilichoandikwa. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Majaribio hayo yalifanyika Marekani, kwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma kwa lugha waliyoizoea, wakati hapa mtihani, isipokuwa wa masomo machache kama Kiswahili, ni wa Kiingereza, na zipo shule zinazofika mtihani wa utamilifu, yaani moko, silabasi haijaisha. Hakuna mtu anayekumbuka asichofundishwa. Lakini suala la lugha linaipa hoja nguvu badala ya kuipunguza: anayesoma tu hagundui kwamba anaelewa jambo na hawezi kuliandika, na anayeandika jibu kamili hugundua mapema, angali na muda wa kurekebisha. Mahali njia hii inapokwama kweli ni karatasi ya vitendo katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kusoma bureti, kusubiri rangi igeuke na kukata tone la mwisho kwa wakati havifanyiwi mazoezi kwa kalamu, na mtahiniwa wa kujitegemea wa masomo hayo analazimika kutafuta maabara itakayompokea kabla hajafikiria kitu kingine chochote.