Kabla ya Kuandika Riwaya ya Mekatilili, Kaa na Mwenye Mvi

Wiki hizi inboksi yangu imejaa swali moja kwa maneno tofauti: "Kaka, nataka kuandika riwaya ya historia ya kwetu, nianzie wapi?" Wengi wanamtaka Mekatilili. Mmoja anataka Gede na mizimu yake. Mwingine anataka yule twiga aliyetoka Malindi akafikishwa China mwaka 1415. Nimeona niwajibu wote hapa kwa pamoja, manake jibu ni moja na si fupi.

Nitangulize hili: mimi sina digrii. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokwama. Kwa hivyo msitarajie mhadhara. Haya ni ya mtu anayesoma riwaya kwenye matatu kati ya Kilifi na Malindi na kujiuliza huyu mwandishi aliyatoa wapi haya.

Tuanze na Abdulrazak Gurnah, kwa sababu ni mtu wa pwani kama sisi, na wengi wetu tunalijua jina lake tu. Ni Mzanzibari, alizaliwa mwaka 1948, akakulia mtaa wa Malindi. Si Malindi yetu, ni Malindi ya Unguja, karibu na bandari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maisha yakawa mazito, akaondoka akiwa kijana wa miaka kama 18 akaenda Uingereza. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kitabu kilichompandisha ni Paradise, cha mwaka 1994. Tangu 2022 kipo kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kinamhusu kijana Yusuf ambaye babake anamtoa kwa tajiri mmoja kulipia deni, kisha anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara, miaka ile Wajerumani wanaishika nchi na vita vikuu vya kwanza vinanukia.

Sasa, wazo alilipata wapi? Wengi wangedhani kwenye makumbusho au kwenye mafaili ya wakoloni. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba mwaka 1984 alirudi Zanzibar baada ya miaka mingi ya kuwa mbali. Siku moja akamwona babake, tayari mzee, anavuka njia kwenda msikitini. Akafikiria: huyu mzee alikuwa mtoto wakati Waingereza wanaukaza mkono wao hapa. Mtoto yule aliona nini? Aliwaelewa vipi hawa wageni?

Basi, riwaya nzima ikaota hapo. Hebu lisomeni tena hilo. Riwaya ya zaidi ya miaka 70 iliyopita, na mlango wake ulikuwa mzee mmoja anayetembea polepole kwenda kuswali.

Halafu Gurnah hakuishia kwenye kumwazia babake. Wahakiki wameonyesha kwamba ndani ya Paradise kuna mwangwi wa maandishi ya Waswahili wenyewe wa zama zile. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara, kwa maneno yao, akiwemo Selemani bin Mwenye Chande. Kuna pia Maisha ya Tippu Tip, ambayo Hamed bin Muhammed aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Watu wetu walikuwa wanaandika zamani. Tunachokosa ni wa kuwasoma. Kijana anaweza kujaza vitabu vya Wazungu waliopita hapa, na hajafungua hata kimoja cha Mswahili aliyepita nao.

Wa pili ni Adam Shafi, naye wa Zanzibar. Riwaya yake ya Kuli, ya mwaka 1979, inawahusu wachukuzi wa bandarini na mgomo wa 1948. Hakumchagua sultani wala gavana. Alimchagua mtu anayebeba gunia. Ukimaliza Kuli unajua siasa ya Zanzibar ya wakati ule ilivyokuwa kwa sababu umejua mshahara ulikuwa hautoshi.

Turudi kwetu. Mekatilili wa Menza tunamjua wote. Mwaka 1913 alizunguka nchi ya Wagiriama, akitumia ngoma ya kifudu kukusanya watu, akawaapisha wanawake kwa kiapo cha mukushekushe na wanaume kwa kiapo cha fisi kwamba hawatatoa kodi wala vijana wao kwa Mwingereza. Mwaka huo huo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali kabisa, Kisii. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikuu vilikuwa vimeanza na walitaka vijana wa Kigiriama wawe wapagazi. Yaani ni vita vile vile vinavyomkuta Yusuf wa Gurnah.

Hayo yote utayapata mtandaoni kwa dakika kumi. Ile hadithi ya kuku na vifaranga mbele ya Bwana Champion, ofisa wa Mwingereza, imesimuliwa mpaka imechoka. Kama riwaya yako ni hiyo tu, wewe unaandika sanamu, na sanamu tayari ipo pale bustanini Malindi mjini.

Riwaya iko kwenye yale ambayo Champion hakuyaandika kwenye ripoti zake. Njia ya kutoka Kisii walikula nini? Walilala kwa nani, watu ambao hawakujua lugha yao? Mwanamke aliyekula kiapo, halafu mwanawe akaamua kwenda kulima kwa Mzungu kwa sababu ya njaa, alimwangaliaje mwanawe jioni? Kaya ilipolipuliwa, mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi kilomita tano kutoka pale alidhani ni nini?

Hapa ndipo nafikia lile linaloniuma. Mekatilili alipokuwa anafanya haya yote hakuwa msichana. Alikuwa mjane, mtu mzima. Leo hii hapa kaunti ya Kilifi, mjane wa umri ule, mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni, ndiye wa kwanza kuitwa mchawi.

Mnajua ninachosema. Wazee wanauawa hapa. Ukichimba kidogo unakuta kesi ni shamba, uchawi ni kisingizio tu. Kuna wanaume wanaopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasionekane wazee. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia familia zao wenyewe. Wengi wa wanaowafukuza ni vijana, rika langu na lako.

Gurnah alimwona mzee wake akitembea kwenda msikitini, akapata riwaya. Kwetu kuna mzee anayeogopa kutembea mpaka dukani. Huyo babake alikuwa mtoto, au babu yake alikuwa kijana, mwaka 1914. Akifukiwa, hakuna kitabu cha Velten cha kutuokoa, kwa sababu ya kwake hayajaandikwa popote. Halafu Agosti tunakwenda Bungale kwenye sherehe ya Mekatilili kumwita mama yetu. Mama gani?

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayetaka kuandika ni huu.

Kwanza, kabla ya kufungua Gugo, kaa na mwenye mvi. Usimwulize "nipe historia ya Wagiriama". Atakupa ile ile ya redioni. Muulize vitu vidogo. Mimi nilimuuliza hawe, nyanya yangu, kuhusu ukoloni, akanijibu sentensi mbili. Nikamuuliza kuhusu mikono yake, akaongea mpaka taa ya koroboi ikaisha mafuta. Aliwahi kubangua korosho, na yale mafuta ya ganda yanachoma ngozi. Akanieleza wanawake walivyokuwa wakijipaka majivu vidoleni, nani alikuwa akiimba, na siku walipoambiwa kiwanda cha korosho cha Kilifi kinafungwa, miaka ile ya 1990, nani alilia na nani alicheka. Hiyo ni Kuli ya kwetu, inangoja mtu.

Pili, rekodi kwa ruhusa, na nakala iwe mahali pawili. Simu inaibwa. Andika pia maneno kama alivyoyasema, kwa Kigiriama au Kibajuni chake. Usimsafishe lugha ndipo umwandike.

Tatu, soma. Si lazima chuo. Soma Peponi, soma Kuli, mtafute Katama Mkangi, mtu wa Ribe hapa hapa Kilifi, uone mtoto wa nyumbani alivyoandika Kiswahili cha kuuma bila kuomba radhi. Ukikosa hela ya vitabu, changeni watu watano.

Nne, tarehe zako ziwe sawa. Ukisema Vasco da Gama alifika Malindi 1498, ni kweli. Ukimpa simu ya mkono, tutakucheka. Lakini tarehe ni mifupa tu. Ukiwa na miaka yote na huna harufu ya jiko, bado huna kitabu.

Tano, usiwe na haraka. Kitabu cha kwanza cha Gurnah kilitoka mwaka 1987. Piga hesabu alikuwa na umri gani. Sisi wa video za sekunde thelathini tunataka kila kitu kabla ya magharibi.

Najua kuna atakayesema mambo ya wazee na mashamba si mambo ya fasihi, niwaachie machifu na polisi. Kwangu mimi ni jambo moja. Kijana aliyekaa jioni tatu na babu yake akimsikiliza ni vigumu kumshawishi asubuhi ya nne kwamba yule ni mchawi.

Basi, kabla ya kuniuliza tena uanzie wapi: nani mkubwa kuliko wote kwenye boma lenu, na mara ya mwisho ulimuuliza nini? Jibu hapo chini. Jina lake usiliweke, weka tu alichokuambia.